Swali Nililoliacha Kikatiti

Mimi naitwa Mama Mbwa. Chekeni kwanza mmalize, ndipo tuendelee. Jina hilo nilipewa na watoto wa mtaa huu wa Elerai kabla ninyi hamjazaliwa, na sikulikataa kwa sababu kazi yangu ilikuwa kufunza mbwa. Aliyelikataa ni marehemu mume wangu, ambaye alipiga hesabu upesi akagundua kwamba kama mimi ni Mama Mbwa, basi yeye hana pa kukimbilia. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa suti na tai. Siku moja mtoto akamwamkia barabarani kwa heshima zote, "Shikamoo, Baba Mbwa!" Akaitikia marahaba, maana salamu haikataliwi, kisha akarudi nyumbani akanuna mpaka chakula cha jioni.

Sasa magoti yamegoma na nimestaafu, lakini ninyi vijana hamniachi nipumzike. Mnakuja hapa uani kwangu na simu zenu, mnanionyesha picha za mbwa wa kila namna. "Bibi, kati ya hawa yupi bora? Nichukue rotwaila au boboeli? Nimtoe huyu jemani shepadi wangu nichukue melinoi?" Nawatazama tu. Mnanikumbusha swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nikiwauliza wenye mbwa, na kizaazaa kilichotokea kwa ajili yake. Kaeni basi niwasimulie. Na wewe uliyekuja na mbwa, mfunge hapo kwenye mpera, lakini mbali na beseni, nisije nikakuta amekula sabuni yangu.

Kazi hii niliianzia jikoni. Kampuni moja ya ulinzi hapa mjini ilitafuta mpishi, nikaomba, nikapata, na siku ya kwanza nikaenda na aproni nyeupe niliyoipiga pasi. Nikaonyeshwa sufuria, kisha nikaonyeshwa wateja wangu. Wote walikuwa na mikia. Nilitaka kugeuza nirudi nyumbani, lakini mmoja wao akanilamba kiwiko, na hakuna binadamu aliyewahi kunishukuru hivyo kabla hata sijawasha moto. Basi nikakaa. Nikajifunza kwamba dagaa wa mbwa wanachanganywa ndani ya ugali, hawawekwi pembeni, maana ukiwaweka pembeni anakula dagaa anakuachia ugali wako uutazame. Nikajifunza kuupoza mpaka kidole kikae ndani bila wewe kuruka. Mbwa uliyemuunguza mdomo hasahau upesi, na wewe utakuja kumfungia banda kesho ukiwa umempa mgongo.

Aliyenitoa jikoni akanipeleka uwanjani ni Mzee Lomayani, mkufunzi mkuu. Alikuwa Mwarusha kutoka upande wa magharibi wa Mlima Meru, mfugaji aliyekulia kati ya mbuzi na mbwa, na karibu yote ninayoyajua nimeyapata kwake. Hakuogopa mbwa yeyote aliyeumbwa. Aliogopa bata mzinga. Jirani wa kampuni alifuga mmoja, na bata huyo akivuka tu ua, Mzee Lomayani alipanda juu ya boneti ya gari akaendelea kutoa amri kutoka huko huko. Mbwa walitii hata hivyo. Sisi wanafunzi ndio tuliopata shida, maana haikuwa rahisi kuandika huku umeuma ulimi usicheke.

"Yeyo," aliniambia siku moja, yaani mama, maana ndivyo alivyoniita ingawa nilikuwa mdogo kwake sana, "watu wanaangalia masikio, wanaangalia mkia, wanauliza babu yake alitoka nchi gani. Wewe angalia kitu kimoja tu. Uwanja ukijaa watu, mbwa anamtazama nani?"

"Anayemlisha," nikajibu haraka, mpishi mimi.

"Hapana. Anayemlisha anamtazama akiwa na njaa. Mimi nakuuliza akiwa ameshiba."

Nilimwitikia ndiyo ndiyo, kama ninyi mnavyoniitikia mimi sasa, na nikaendelea kuangalia masikio. Maneno ya mzee huyo yalikuja kuniingia baadaye sana, nikiwa nimeshaacha kampuni nafunza mbwa wa watu hapa hapa uani kwangu.

Mbwa nao wana misimu yao kama vitenge. Nilipoanza, kila mwenye geti la chuma Arusha hii alitaka jemani shepadi. Wakaja rotwaila, kila mtu akataka rotwaila. Wakaja boboeli, wale wenye kichwa kikubwa kama stuli. Siku hizi naona mabinti wamebeba mkobani kitu chenye nywele, naambiwa ni mbwa, nasema haya. Njia za kufunza nazo zimebadilika. Zamani ilikuwa mnyororo na kelele, na mtu aliyepita nje alidhani kuna ugomvi wa ndoa. Sasa ni filimbi na biskuti. Mimi nilikaa katikati: nilitembea na dagaa wakavu mfukoni, nikamzawadia mbwa kila alipofanya vizuri. Ni njia nzuri, naipendekeza, ila kumbuka kubadilisha nguo Jumapili. Kuna ibada moja nilifuatwa na paka watatu mpaka mezani pa Bwana.

Jambo moja tu halijabadilika. Mbwa wa kizungu lazima aongeleshwe Kiingereza. Mtu anaongea Kichaga na mama yake, Kiswahili na watoto, Mungu anamwomba kwa lugha yoyote inayokuja, lakini akimgeukia mbwa utamsikia, "Siti! Kamu hia! Nou!" Koko wa jirani yeye anaambiwa "Toka!" basi. Nimefunza mbwa ambao Kiingereza chao kilikuwa kizuri kuliko cha wenyewe, na wakati mwingine niliona kabisa mbwa anamsubiri bwana wake amalize kutafuta neno.

Sasa lile swali. Kila nilipomkabidhi mtu mbwa wake aliyehitimu, nilikuwa na mazoea ya kumtania: "Haya, ukipewa wa aina nyingine leo, unabadilisha?" Majibu yake ndiyo yaliyokuwa mshahara wangu wa pili. Mwalimu mmoja wa Njiro, ambaye rotwaila wake alimaliza sofa yote akabakiza misumari, alinijibu, "Huyu tayari ana sofa yangu tumboni. Nikimtoa yeye, nimeitoa na sofa." Mama mwingine mwenye chiwawa alisema, "Nimbadilishe? Nyumba nzima huyu peke yake ndiye ananisikiliza," na muda wote huo chiwawa alikuwa anambwekea. Watu walilalamika, walilia, walinionyesha viatu vilivyotafunwa, lakini hakuna hata mmoja aliyesema ndiyo, nabadilisha.

Mpaka siku ya Mama Aika.

Mama Aika ni Mchaga wa Machame kama mimi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Lemara: misumari, rangi, mabati, koleo. Maisha yake yote alifuga jemani shepadi tu. Mbwa wa aina nyingine alimwita mgeni. Huyu aliyeniletea aliitwa Jenerali, na kwa kumtazama ungempigia saluti. Kifua hicho, masikio wima, mwendo wa gwaride. Shida yake ilikuwa moja. Jenerali aliogopa kuku. Siyo jogoo peke yake, ningeelewa. Aliogopa tetea, aliogopa kifaranga, na yai alilizunguka kwa mbali. Mafundi wanaonunua saruji dukani walikuwa wakimwita Jenerali Mstaafu, na Mama Aika alikuwa anaumia, maana ni mwanamke mwenye majivuno yake.

Nilimfunza kila kitu akashika, isipokuwa hilo la kuku. Siku Mama Aika anakuja kumchukua, ikatokea na Mzee Mbise amenitembelea kutoka Kikatiti. Mzee huyu Mmeru alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, naye mkewe alishatangulia, akabaki na migomba yake, mbuzi wake na koko wake, ambaye siku hiyo alikuja naye. Koko aliitwa Karanga kwa sababu ya rangi yake. Sikio moja lilisimama, la pili lililala. Hakuna aliyemnunua wala kumfunza, alijitokeza tu siku moja kwenye migomba akaanza kazi.

Mzee Mbise naye alikuja na kidonda chake. Jirani yake alikuwa ameleta rotwaila, na Kikatiti nzima ilikuwa inakwenda kumtazama huyo rotwaila wa watu. "Wanapita mlangoni kwangu bila kunisalimia," alinilalamikia, "wanakwenda kumwona mbwa. Wakirudi wananiuliza, 'Mzee, wewe bado una haka?'"

Wakati anasema hayo, kuku wangu wakatoka nyuma ya nyumba. Jenerali akaruka akajificha nyuma ya Mama Aika, akaweka kichwa ndani ya kitenge chake. Karanga yeye akainuka taratibu, akawazunguka wale kuku bila kubweka, akawasukuma wote kwenye kona ya ua, akajilaza mbele yao. Hakuna kuku aliyethubutu kuinua mguu. Mama Aika akamtazama Karanga. Mzee Mbise akatazama kile kifua cha Jenerali. Na mimi, kwa mazoea tu, nikasema, "Haya, mnabadilisha?"

"Nabadilisha!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

Mimi niliuliza tu. Nataka hilo lieleweke mapema. Walipeana mikono mbele yangu, Mzee Mbise akasema neno la mzee halirudi nyuma, Mama Aika akasema hata la Mmachame. Dakika chache baadaye Jenerali alikuwa nyuma ya pikapu iliyomleta Mzee Mbise, anaelekea Kikatiti, akitazama nyuma, na Karanga amekaa kiti cha mbele cha gari la Mama Aika, amechanganyikiwa kabisa. Watu wazima wakishashikana mikono, mfunza mbwa atasema nini?

Siku za kwanza Mama Aika alinipigia simu kwa furaha. "Mama Mbwa, sasa nina mbwa!" Furaha hiyo ilikwisha wiki ile ile. Kule Kikatiti kazi ya Karanga ilikuwa mbuzi: wakiingia zizini, alilala mlangoni, na hakuna mbuzi aliyetoka mpaka Mzee Mbise mwenyewe aje. Lemara hakukuwa na mbuzi. Kulikuwa na wateja. Mtu aliingia dukani kwa Mama Aika vizuri kabisa, Karanga anamkaribisha kwa mkia, lakini kutoka hatoki. Akielekea mlangoni, Karanga anamrudisha ndani kwa kumsukuma goti.

"Mwanzoni biashara ilipanda," Mama Aika alikiri. "Mtu amekuja kununua msumari, anakaa, anaangalia huku na huku, anaishia kubeba na rangi. Lakini jana fundi mmoja amekaa humu mpaka mkewe akaja kumtafuta. Mkewe naye akaingia."

"Si umwite?"

"Nimemwita! Nimemwambia kamu, nimemwambia siti, nimemwambia goo. Anageuka nyuma kuangalia ninaongea na nani."

Karanga alijua Kimeru tu.

Kikatiti mambo yalikuwa mabaya zaidi, na habari hizo sikuzipata kwa Mzee Mbise. Alinipigia mama mmoja wa kwaya ya kanisani kwao. "Mama, shikamoo. Tuna shida ya kiroho," akaanza, nikakaa chini. Kumbe Karanga alikuwa na kazi ya pili ambayo mimi sikuijua. Kila Jumapili alimfuata mzee wake ibadani, akalala mlangoni akimtazama. Mahubiri yakianza kuzidi, Karanga alipiga mwayo. Siyo mwayo wa siri, mwayo wenye sauti, ule unaoanzia mkiani. Kanisa lilicheka kidogo, mchungaji akacheka naye, akafunga mahubiri. Ilikuwa hivyo miaka na miaka, na hakuna aliyejua kwamba ndicho kilichokuwa kinawarudisha nyumbani kwa wakati.

"Sasa mchungaji hana wa kumzuia," yule mama alilia. "Jumapili iliyopita ametufikisha mpaka Waamuzi. Wali wa watu unaungua. Na huyu wenu mwenye kifua anachojua ni tarumbeta. Zikipigwa tu anainua kichwa analia nazo. Wapigaji wanasema anawatoa kwenye noti, mmoja anasema anaziweka vizuri zaidi, wamegombana."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini sikucheka jioni ile Mzee Mbise mwenyewe aliponipigia.

"Shemeji," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu mume wangu yuko hai, "usimwambie Mama Aika. Huyu mbwa ni mzuri. Watu wanakuja kumtazama, wamemwacha rotwaila. Lakini anatazama barabara. Nikimpa chakula anakula, anamaliza, anarudi pale pale anatazama njia ya kwenda Arusha. Na mimi nikifungua mlango asubuhi, natazama chini, natafuta kile cha rangi ya karanga. Tangu mke wangu afariki ndicho kilikuwa kinaniambia kumekucha."

Iliniuma, nawaambia ukweli. Nikampigia Mama Aika nikijifanya nauliza habari za dukani. Akazungumza, akazunguka, mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Karanga anakaa anatazama geti tu. Nilidhani analinda, kumbe anangoja mtu. Usimwambie mzee." Hapo ndipo Mzee Lomayani aliponirudia kichwani na swali lake. Hawa mbwa walikuwa wanakula wakashiba, na bado kila mmoja alikuwa anamtafuta wake.

Mtasema, si warudishiane yaishe. Ninyi hamuwajui wazee wenu. Nilimshauri Mama Aika apeleke isale. Mnalijua isale, lile jani refu tunalolipanda kwenye mipaka ya mashamba. Kwetu Wachaga, na wenzetu Wameru wanalijua vilevile, ukimkosea mtu ukampelekea isale, hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Mama Aika akawaka. "Nimemkosea nini? Nimempa mbwa mzima mwenye chanjo zote!" Nikamshauri Mzee Mbise. "Mimi? Nikaombe radhi kwa ajili ya mkono niliopeana kwa hiari yangu? Watu wa Kikatiti watanionaje?" Kila mmoja alikuwa tayari kufa na huzuni yake kuliko kuwa wa kwanza. Niliona kabisa kwamba Mzee Mbise ataingia Krismasi peke yake mle ndani, na kwamba mbwa ndiye aliyekuwa amebeba nyumba ile kwa muda wote huo.

Ikafika Desemba. Mnajua Arusha Desemba, Wachaga wote wako barabarani wanakwenda kwao. Jumapili ya kabla ya Krismasi, Mama Aika akanipa lifti kwenda Machame. Nikaja na begi langu na ndoo ya mafuta ya kupikia ya kumpelekea dada yangu. Nikakuta Karanga naye yuko nyuma ya pikapu.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Akapate hewa ya mlima."

Tukapita Tengeru, tukapita Usa River. Kisha Mama Aika akasema, bila kunitazama, "Nadhani tutasimama Kikatiti kidogo. Kunyoosha miguu." Nikageuka nyuma nimwangalie Karanga, nikaona shingoni mwake amefungwa kitu cha kijani, kimepigwa fundo safi.

"Mama Aika. Hilo ni isale."

"Ni mapambo ya Krismasi."

"Mama Aika!"

"Kama kuna mtu anaomba radhi hapa," akasema, "ni Karanga. Mimi simo."

Tulifika ibada ikiendelea. Kanisa limejaa, milango iko wazi, na Mzee Mbise amekaa mwisho wa benchi la mlangoni kama desturi yake. Gari halijasimama sawasawa, Karanga ameruka. Hakubweka wala hakumrukia mzee. Alikwenda moja kwa moja mahali pake kizingitini, akajilaza, akamtazama mzee wake usoni. Mzee Mbise akaweka mkono mdomoni. Mchungaji ndani alikuwa anasema, "Na jambo la saba, wapendwa," na hapo Karanga akafungua kinywa. Ule mwayo ulianzia mkiani, ukapanda taratibu, ukatokea na sauti ambayo nadhani waliisikia mpaka kwenye migomba.

Mchungaji akavua miwani. "Karanga amerudi?"

"Amerudi, mchungaji!" wakaitika wote.

"Basi la saba mtalisoma nyumbani. Tusimame tuombe."

Sijawahi kuona watu wakisimama kwa umoja namna ile. Yule mama wa kwaya alipiga kigelegele kabla ya amina. Tarumbeta zikapigwa, na kutoka nyuma ya kanisa kikasikika kilio kirefu kinachofuata noti. Jenerali. Alikuja mbio akizunguka kona, akamwona Mama Aika, akasimama kidogo kama asiyeamini. Na shingoni mwake, jamani, amefungwa isale.

Mama Aika akamtazama Mzee Mbise. Mzee Mbise akatazama mlima.

"Ni mapambo," akasema.

Watu walianguka kwa kicheko. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa taratibu, akauliza kwa sauti kama isale la mbwa linakubalika. Akajibiwa na mwenzake kwamba mbwa hafungi fundo, kwa hiyo ni la aliyefunga. Mwingine akauliza sasa nani amemwomba radhi nani, na nani anapokea kwanza. Hoja ilikuwa inaanza kunoga, na mchungaji alishafungua kinywa kutoa mfano wa Biblia, wakati Jenerali alipomkaribia Karanga, akamnusa shingo, akang'oa lile isale akalitafuna. Alilimeza lote.

"Limepokewa," mchungaji akasema. "Mpaka tumboni."

Mzee Mbise hakusubiri zaidi. Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi na suti yake ya kanisani, Karanga akaweka kichwa kifuani kwake, na machozi yakamtoka mzee wa watu mbele ya kila mtu. Hakuna aliyemcheka. Mama Aika yeye alikuwa ameshikwa mabegani na Jenerali, kitenge chake kipya kimejaa nyayo, anamkaripia, "Nou! Dauni! Nou!" huku mikono yake imemkumbatia haimwachii. Nami nililia, ila mimi hulia hata mbwa akichanjwa.

Tuliondoka Jenerali akiwa katikati yetu kiti cha mbele, maana nyuma hakutaka. Tukiwa bado hapo hapo Kikatiti, kuku mmoja akavuka barabara. Jenerali akaniingia mapajani mzima mzima, akafunga macho.

"Askari wangu huyo," Mama Aika akasema, na akampapasa kichwa kwa upendo ambao sikumwona nao hata siku ya harusi yake.

Mimi nina mdomo. Nadhani mmeshaona. Nikasema, "Mzee Mbise ananiambia rotwaila wa jirani amezaa. Vitoto vizuri, haviogopi kuku. Ungepewa kimoja, ungebadilisha?"

Mama Aika akasimamisha gari. Akanyoosha mkono akanifungulia mlango.

"Shuka."

Nilishuka, na begi langu, na ndoo yangu ya mafuta. Akaondoka kweli. Nikabaki kando ya barabara kuu nimevaa gauni la Jumapili, magari ya Krismasi yananipita, watu wananipungia mkono wakidhani nawaaga. Baadaye kidogo nikaona pikapu inarudi kinyumenyume, Jenerali ametoa kichwa dirishani.

"Panda," Mama Aika akasema. "Lakini hilo swali liache hapo hapo chini."

Nikaliacha. Sijapita kulichukua tena mpaka leo, na anayelitaka aende Kikatiti akaliokote. Kwa hiyo wewe, kijana, na melinoi wako wa kwenye simu, usiniulize mimi kama ubadilishe. Nenda kamfungue huyo jemani shepadi wako hapo mperani. Sabuni yangu ameshaimaliza, na ugali niliowawekea kuku wangu ameumaliza, ameshiba mpaka tumbo limekaza. Uani hapa tumejaa tele, na tangu nianze kusimulia hajamtazama mtu mwingine ila wewe.